Nakula, napumua, mbona sina nguvu?

"Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka 36, nakaa Umoja, kazi yangu ni kushona nguo. Sikosi chakula: asubuhi chai ya maziwa na mkate, mchana ugali na sukuma, jioni chapati na ndengu, na chai tena. Lakini ikifika saa nane mchana nimekwisha. Nyumba yetu iko ghorofa ya nne na siku hizi nasimama mara mbili nikipanda ngazi. Muuzaji wa duka la dawa alinishauri nitumie glukosi ya unga. Nakunywa vijiko vinne vikubwa kwa siku, napata nguvu kidogo halafu nachoka zaidi. Tangu Februari nakimbia Jumamosi na wenzangu msitu wa Karura. Mapaja yanawaka moto, na anayetufundisha anasema ni sumu ya asidi, lazima ikamuliwe kwa masaji. Juzi msichana wangu wa Gredi ya 9 alikuwa anasoma kwamba seli za mwili hutoa nguvu kwenye chakula kwa kutumia oksijeni, ndani ya kitu kinachoitwa mitokondria. Nikajiuliza: nakula, napumua, sasa hiyo nguvu yangu inaishia wapi? Niongeze glukosi, ama ninunue zile tembe za kuongeza nguvu? Siku hizi za baridi nashona usiku jiko la makaa likiwa chumbani na kichwa kinaniuma, labda ni macho. Lingine naona aibu kidogo kulisema: siwezi kumaliza siku bila odowa, yale mawe laini ya kutafuna. Hedhi yangu pia ni nyingi, lakini hiyo nimeizoea."

Dada, kabla sijasema neno lolote kuhusu mitokondria, lile jiko litoe chumbani leo. Usingoje umalize kusoma. Makaa yakiwaka mahali ambapo hewa haipiti hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kichwa kinachouma usiku kando ya jiko si cha kusingizia macho. Watu husema makaa yakishakolea yakawa mekundu bila moshi hayana neno. Si kweli, yanaendelea kuitoa. Ukitoka nje kwa muda maumivu yakapungua, au watoto nao wakilalamika kichwa na kichefuchefu, hapo una jibu. Nitarudi kwenye gesi hii, kwa sababu inahusu swali lako kuliko unavyodhani.

Jambo la pili ni kuhusu mimi. Mnaniita daktari, na shahada ninayo, ila si ya kutibu. Ninafundisha baiokemia, yaani kemia ya mwili, kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu. Naweza kukuonyesha njia ambayo nguvu hupitia na mahali inapoweza kukwama. Kukupima na kukuandikia dawa ni kazi ya mwingine, na nitakutuma kwake.

Swali lako nalisoma hivi: chakula kipo, pumzi ipo, nguvu haipo, basi labda chakula hakitoshi. Hapo kwenye "basi" ndipo tunapoachana. Chakula ulichonitajia kinatosha. Ugali ni wanga, na wanga ni glukosi zilizoshikana mikono kwenye mnyororo mrefu. Kazi ya mate na utumbo ni kuzitenganisha tu. Unga wa mahindi gramu 150, ambao ni sahani ya mtu mzima aliyefanya kazi, una zaidi ya gramu 100 za wanga. Vile vijiko vyako vinne ni kama gramu 50 au 60. Kwa hiyo muuzaji amekuuzia ndani ya kopo kitu ambacho sufuria yako ilikuwa inakupa tayari, tena pole pole, jinsi mwili unavyopenda.

Lakini glukosi iliyomo kwenye damu bado si nguvu. Fikiria umepanda matatu ya kwenda mjini asubuhi ukiwa na noti ya elfu moja peke yake. Una pesa, hakuna anayebisha, lakini kondakta hana chenji na nauli hujalipa. Seli ziko hivyo hivyo. Msuli hauwezi kujikunja kwa glukosi, na neva haiwezi kupitisha ujumbe kwa glukosi. Vyote vinataka sarafu ndogo inayoitwa ATP, ambayo kirefu chake ni adenosini trifosfeti. Ikivunjwa kidogo inatoa nguvu ya kazi moja ndogo, kisha inarudi kutengenezwa upya. Na sarafu hii haiwekwi akiba. Iliyomo mwilini mwako sasa hivi haifiki robo kilo, lakini kwa siku nzima unatengeneza na kuvunja kiasi kinachokaribia uzito wako mwenyewe. Ndiyo maana uchovu hauulizi tu "una pesa ngapi?" Mara nyingi unauliza "chenji inavunjwa kwa kasi gani?"

Sasa tufuate noti hiyo hadi inapovunjwa. Shuleni tulifundishwa kwamba mwili "unaunguza" chakula, na neno hilo lina ukweli nusu. Ukimwaga sukari kwenye makaa, inaungana na oksijeni, unabaki na kabonidioksidi na mvuke wa maji, na nguvu yote inatoka mara moja kama joto. Seli inaanza na vitu vile vile na kuishia na vile vile. Tofauti ni kwamba inashuka ngazi, hairuki kutoka ghorofani. Katika kila kidato cha ngazi kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kemia, kinachochukua nguvu kidogo kabla haijapotea. Hata hivyo zaidi ya nusu hutoka kama joto, na si hasara: ndilo linalokufanya uwe na nyuzi 37 hata katika Julai ya Nairobi.

Ngazi ya kwanza iko nje ya mitokondria, kwenye ute wa seli. Glukosi yenye kaboni 6 inakatwa vipande viwili vya kaboni 3 kila kimoja, vinavyoitwa piruveti. Faida ni ATP 2. Oksijeni haihitajiki hata chembe. Ni njia ya kale sana, na chachu unayoweka kwenye unga wa mandazi huitumia mpaka leo: gesi inayoumua unga, na pombe iliyomo kwenye muratina, ni mabaki ya chachu inayoishi bila kutumia oksijeni.

Pakiwa na oksijeni, piruveti haiishii hapo. Inaingia ndani ya mitokondria, inanyolewa kaboni moja baada ya nyingine, na kaboni hizo zinatoka kama kabonidioksidi unayoitoa puani. Mzunguko unaofanya kazi hiyo ulielezwa na Hans Krebs mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza. Wanafunzi wangu hufika hapo wakadhani wamefika mwisho, maana kwenye madaftari mzunguko huo unajaza ukurasa mzima. Lakini ukihesabu, katika hatua zote hizo glukosi moja imekupa ATP 2 nyingine tu. Ukichanganya na za mwanzo unapata 4. Kazi kubwa ya mzunguko wa Krebs ni kupora elektroni, chembe ndogo sana zenye chaji hasi, kutoka kwenye chakula, pamoja na haidrojeni zake, na kuzipakia kwa wabebaji. Wabebaji hao, NADH na FADH2, ndio wanaoondoka na mali.

Ngazi ya tatu ndiyo ninayotaka uielewe, hata ukisahau mengine yote. Unayajua mabwawa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Maji yanapita bwawa moja hadi jingine, na kila yanaposhuka yanazungusha mitambo ya stima. Katika utando wa ndani wa mitokondria, elektroni nazo hushuka hivyo, protini hadi protini. Kila zinaposhuka, nguvu yake hutumika kusukuma protoni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji chanya, upande wa pili wa utando, mpaka zinajazana kule kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa. Protoni zinataka kurudi, na mlango mkubwa walioachiwa ni mmoja: mtambo mdogo wa protini unaozunguka kwelikweli, kama pangaboi. Kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3. Mwanasayansi Peter Mitchell alipolisema jambo la protoni mwaka 1961, wataalamu wengi walimwona anaota, kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta kemikali fulani ya katikati na yeye anawaambia ni bwawa. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobeli. Hadithi hiyo huwa nairudia kila mwaka darasani, wanafunzi wakipenda wasipende.

Na oksijeni iko wapi? Iko mwisho kabisa, chini ya bwawa la mwisho. Haigusi glukosi. Inangoja elektroni zilizochoka, inazipokea pamoja na protoni, na kugeuka maji. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Mwambie msichana wako jambo hili awashangaze wenzake: oksijeni unayoivuta si ile inayotoka ndani ya kabonidioksidi unayoitoa. Ile uliyoivuta imekuwa maji ndani yako. Oksijeni iliyomo kwenye kabonidioksidi ilitoka kwenye chakula chenyewe na kwenye maji yaliyoingizwa njiani.

Kwa jumla, glukosi moja hutoa ATP 30 hadi 32. Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, kwa sababu vilihesabu kana kwamba hakuna protoni inayovuja wala inayolipia usafiri wa vitu kuingia na kutoka. Kama kitabu cha mtoto kinasema 38, aandike 38 kwenye mtihani halafu ajue ukweli moyoni.

Linganisha sasa: ATP 2 bila oksijeni, ATP 30 na zaidi ikiwepo. Na oksijeni ikipungua pale mwisho, haipungui yenyewe tu. Elektroni zinakosa wa kuzipokea, foleni inarudi nyuma, wabebaji wanabaki wamejaa, mzunguko wa Krebs unakosa wabebaji watupu na kupunguza mwendo. Ni kama mzunguko wa barabara ukiziba saa kumi na moja jioni: gari lako lina petroli tele, na kuongeza petroli hakutalisogeza hatua moja. Kwako, dada, kopo la glukosi ni petroli.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "nile nini zaidi?" bali "oksijeni yangu inafika kule mwisho?" Ukiwa umekaa tu, mwili wako unatumia karibu mililita 250 za oksijeni kila dakika. Kutoka mapafuni hadi kwenye paja, inabebwa na himoglobini iliyomo kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zenyewe hazina mitokondria hata moja, kwa hiyo hazitumii oksijeni zinayoibeba. Ni wachukuzi wasioonja mzigo. Gramu moja ya himoglobini hubeba karibu mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye gramu 13 katika kila desilita ya damu, yaani mililita 100, anabeba kama mililita 17. Mwenye gramu 8 anabeba chini ya 11. Akiwa amekaa cherehani haoni tofauti, kwa sababu moyo unaongeza mapigo kufidia. Akianza kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne, moyo umeshatumia akiba yake, naye anasimama mara mbili.

Huoni kwamba nimekuelezea wewe?

Katikati ya kila himoglobini kuna madini ya chuma, na hapo ndipo maneno uliyoyaweka mwisho wa barua kwa aibu yanapokuwa ya kwanza kwangu. Hamu ya kutafuna vitu visivyo chakula, iwe odowa, udongo au barafu, inajulikana sana kwa watu waliopungukiwa na chuma. Nani anatangulia, upungufu au mawe, si rahisi kusema kwa kila mtu, kwani aina nyingine za udongo hukamata chuma tumboni na kukizuia kuingia kwenye damu. Huenda unazunguka kwenye duara. Wala usione aibu: odowa inauzwa mchana kweupe karibu kila soko la jiji hili, na wateja wake wengi ni kina mama kama wewe. Lakini usiiite tabia tu.

Halafu hiyo hedhi "uliyoizoea". Tuihesabu. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Anayepoteza mililita 80 kwa mwezi, kiasi ambacho kuanzia hapo hedhi huhesabiwa kuwa nyingi, anapoteza miligramu 35 hadi 40. Mwili kwa kawaida hunyonya miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula, na sehemu ya hiyo inapotea kwa njia nyingine hata kwa mwanamume. Mwezi baada ya mwezi hesabu inakataa. Na kwenye meza yako chuma kingi kinatoka kwenye sukuma na ndengu, chuma kigumu kunyonywa kuliko cha nyama, maini au omena. Juu yake unashushia chai, na chai hukizuia zaidi. Sikukatazi chai, nani anaweza? Isogeze tu iwe saa moja au mbili mbali na mlo, na mahali pake kwenye sahani weka chungwa, au kamulia ndimu kwenye ndengu. Vitamini C hukifanya chuma cha mboga kinyonyeke vizuri. Kama unga wako ni wa paketi, tangu 2012 sheria ya Kenya inataka uongezwe chuma, ila kiasi hicho peke yake hakiwezi kujaza shimo la hedhi nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Chuma hakiko kwenye himoglobini peke yake. Kimo ndani ya zile protini za mitokondria zinazopokezana elektroni. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa himoglobini akaambiwa "iko sawa" na bado awe mchovu, kwa sababu akiba yake ya chuma imekwisha. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo cha feritini. Omba vyote viwili.

Sasa lile jiko. Kaboni monoksidi hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na inakaa kwenye kiti cha oksijeni bila kushuka. Kama ni kweli una damu pungufu, basi viti vilikuwa vichache, na kila usiku unaviacha vikaliwe na abiria wasiolipa. Nairobi nayo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ikiwa na msukumo wa kama nne kwa tano ya ule wa Mombasa. Mtu mwenye damu ya kutosha hauhisi akishazoea. Kwako ni tone jingine kwenye ndoo iliyokwisha kujaa.

Nije kwa mwalimu wenu wa Karura. Mgala muue na haki yake mpe: ni kweli mapaja yanachachuka. Unapokimbia kwa kasi, msuli unataka ATP haraka kuliko mitokondria inavyoweza kutoa. Ile njia ya kale inaharakishwa, piruveti inarundikana, na ili njia isizibe piruveti inapokea haidrojeni na kuwa lakteti, ile mwalimu wenu anayoiita sumu ya asidi. Kwa hiyo lakteti haitengenezwi kukuumiza. Inatengenezwa ili uendelee kukimbia dakika kadhaa zaidi. Tena si uchafu: moyo wako unaila kama chakula, misuli mingine inaichukua, na ini linaweza kuirudisha kuwa glukosi. Ukipumzika, au bora zaidi ukitembea pole pole, hupungua yenyewe na ndani ya saa moja hivi imerudi ilivyokuwa. Maumivu unayoamka nayo Jumatatu ni nyuzi za msuli zilizochanika kidogo kidogo na sasa zinajengwa upya. Masaji ni tamu, lipa ukipenda, lakini hakuna sumu ya kukamuliwa.

Kinachonishughulisha zaidi ni kwamba mapaja yako yanawaka mapema. Miezi kadhaa ya kukimbia ingetakiwa iwe imeyabadilisha, kwa sababu mazoezi ya mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, huongeza mitokondria ndani ya msuli na vijishipa vya damu kuuzunguka. Kama mwendo ni ule ule na bado unaungua kama siku ya kwanza, ama mnakimbizwa kasi mno, ama oksijeni haifiki. Mpaka upimwe, tembea. Karura ina njia nzuri za kutembea, na wenzako watakungoja pale kwenye mlango wa kutokea.

Kuhusu glukosi ya kopo, iache. Ina mahali pake: mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla inaweza kumwokoa. Kwako inapandisha sukari haraka, insulini, homoni inayoshusha sukari, inamwagika kuifukuzia, na kwa baadhi ya watu sukari hushuka tena wakajihisi wamelegea kuliko mwanzo. Huenda ndiyo ule uchovu wa pili uliouona.

Tembe za "kuongeza nguvu" nyingi ni vitamini za kundi B. Sizikejeli, kwa sababu mwili hutengeneza baadhi ya wale wabebaji niliowataja kutokana nazo: NAD hutoka kwenye B3, FAD kwenye B2, na bila B1 piruveti haivuki vizuri kuingia kwenye mzunguko wa Krebs. Lakini vitamini ni spana, si petroli. Fundi asiye na spana anakwama, na mwenye spana moja ukimpa kumi hafanyi kazi mara kumi. Kama huna upungufu wa B, utakojoa njano na pesa zako zimekwenda. Vile vinywaji vya makopo vya vijana ni hadithi nyingine kabisa. Kafeini inaziba masikio ya ubongo usiisikie adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri unavyokesha na kukuambia umechoka. Haitengenezi ATP hata moja. Imenyamazisha kengele tu.

Sijakuona, na nisingependa uondoke hapa ukiwa na hakika kuliko niliyonayo mimi. Dalili zako zinaelekea kwenye upungufu wa chuma, na jiko limeongeza lake. Lakini uchovu una milango mingi. Kisukari huacha glukosi imejaa kwenye damu huku seli zikiwa na njaa. Kama una kiu isiyoisha na unaamka usiku kukojoa mara kwa mara, mwambie daktari mapema, hasa baada ya vijiko hivyo vyote. Tezi ya thairoidi ikizembea, mwili mzima unapunguza mwendo. Mimba changa huchosha, kifua kikuu huchosha, malaria na minyoo hula damu. Na kuna uchovu wa mtu anayeshona hadi saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kuandaa mtoto, ambao hakuna maabara inayouonyesha. Huzuni ya muda mrefu pia hujificha ndani ya maneno "sina nguvu", kwa hiyo kama ipo, iseme.

Basi wiki hii nenda hospitali au zahanati yenye maabara. Omba kipimo kamili cha damu, feritini na sukari. Mhudumu akikuambia himoglobini, kumbuka kwamba kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 12 huhesabiwa upungufu, na kwa sisi tunaoishi mwinukoni kipimo cha kawaida huwa juu kidogo, kwa hiyo 12 ya Nairobi si sawa na 12 ya Lamu. Mwambie wazi kuhusu odowa na hedhi, na useme ni pedi ngapi kwa siku na kama kuna mabonge. Hilo la hedhi lisipotafutiwa chanzo, mathalani uvimbe kwenye kizazi, tembe za chuma zitakuwa kuchota maji kwa gunia. Usizinunue kabla ya kupimwa, kwa sababu chuma kingi bila sababu nacho hudhuru. Ukiandikiwa, zifunge mbali na watoto, kwani chache tu zinaweza kumuua mdogo. Choo kikiwa cheusi ukizitumia usishtuke. Tumbo likikusumbua usiziache kimyakimya, rudi ubadilishiwe aina au ratiba. Himoglobini huchukua wiki kadhaa kupanda, na akiba ya chuma hujazwa kwa miezi.

Usingoje wiki ikiwa kifua kinauma, ukizimia, ukikosa pumzi hata umekaa, moyo ukienda mbio bila kutulia, au hedhi ikilowesha pedi kila saa. Hapo ni dharura usiku huo huo. Na ikitokea umeamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kutapika na jiko liliwaka ndani, toeni kila mtu nje kwanza, kisha mkimbilie hospitali mkasema neno "jiko" pale pale mlangoni. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa kumbe si sawa, kwa sababu hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi.

Ukipata majibu, niandikie namba mbili tu, himoglobini na feritini, tuzisome pamoja. Na uniambie kuhusu odowa. Kwa wengi hamu ile huanza kupoa mapema chuma kikianza kuingia, kabla hata ngazi za ghorofa ya nne hazijawa nyepesi.